Wimbo mmoja ulioshindikana: kisa cha wakulima, wafugaji na mto katika bonde la Wami

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mradi wa muziki uliofanyika miaka michache iliyopita mkoani Morogoro. Uliwakutanisha wakulima na wafugaji wanaogombania mto mmoja, ukiwa na malengo mawili: wazungumze, na wautunze mto. Vijiji vinaitwa hapa Mashambani na Malishoni. Hayo si majina yao. Jina la taasisi iliyoendesha mradi, la mfadhili na la kila mtu aliyeshiriki limeondolewa, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wenyewe wasitambulike.

Niliingia mradi ukiwa umefika katikati, nikiwa mtathmini wa nje. Habari za wiki za mwanzo nimezitoa kwenye kumbukumbu za mazoezi na kwa watu waliokuwapo. Kuanzia jioni ya majibizano, nilikuwepo mwenyewe.

Usuli

Ugomvi wa wakulima na wafugaji Morogoro una historia ambayo kila mkazi anaijua, hata kama haisemi. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Tangu hapo, ng'ombe akiingia shambani hakuna anayemwona kama ng'ombe tu aliyepotea njia.

Kuna historia nyingine ambayo waandishi wa miradi huisahau. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika bonde la Usangu mkoani Mbeya, kwa hoja ya kuokoa ardhioevu ya Ihefu na maji ya Ruaha Mkuu. Makundi ya mifugo yalitembea umbali mrefu hadi Lindi, Pwani na kwingineko. Baada ya hapo, mfugaji akialikwa kwenye semina ya kutunza vyanzo vya maji, anajiuliza jambo moja kabla ya mengine yote: tunahamishwa lini? Wazee wa Malishoni walimwambia mratibu wa mradi hivyo waziwazi siku ya kwanza, na kumbukumbu za mkutano zinaonyesha kauli yao iliandikwa chini ya kichwa "mengineyo".

Malishoni wanaishi Waparakuyo, Wamasai ambao wamekuwa katika wilaya hiyo kwa vizazi. Wazee wao wamezaliwa pale pale, ingawa kwenye baraza bado wanaitwa wageni. Mashambani ni mchanganyiko: Wakaguru, Wasagara, Wagogo, pamoja na wajukuu wa vibarua walioletwa kwenye mashamba ya mkonge. Wakulima hawa wana utani wao kwa wao, na kwenye msiba utawasikia wakiambiana maneno ambayo mahali pengine yangeleta ngumi. Mparakuyo hataniwi na mtu. Jambo hilo halikuwemo kwenye andiko la mradi, nami naliona ni kubwa kuliko mengi yaliyokuwemo.

Mto wenyewe unaingia kwenye mfumo wa Wami. Masika hujaa matope, kiangazi hubaki mkondo mwembamba. Wakulima hulima vinyungu kwenye kingo, mboga na mahindi ya kuchoma, kwa sababu ndiko unyevu uliko. Wafugaji hushusha mifugo kunywa maji mahali pale pale, kwa sababu hiyo hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na pande zote mbili zinaivunja kila siku. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoharibu Kilosa na kubomoa Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe yaliwafundisha wote kwamba milima ikibaki uchi, mto hushuka na udongo. Ubishi uliobaki ni udongo wa nani. Mkulima anasema kwato. Mfugaji anasema jembe.

Mpango ulivyokuja

Taasisi iliyoendesha mradi ni ndogo, ya watu wa sanaa wanaojua kazi yao. Waanzilishi wake walivutiwa na Nile Project, kazi iliyoanzishwa mwaka 2011 na Mina Girgis wa Misri na Meklit Hadero, mwimbaji mwenye asili ya Ethiopia anayeishi Marekani. Wanamuziki wa nchi za bonde la Nile walikutana Aswan Januari 2013, wakatunga pamoja na kufanya maonyesho, kwa nia ya kuwafanya watu wa mto mmoja wafahamiane wakati serikali zao zinabishana juu ya maji. Afrika Mashariki iliwakilishwa vizuri: Kasiva Mutua wa Kenya kwenye ngoma na Steven Sogo wa Burundi ni miongoni mwa waliopita kwenye kundi hilo.

Wazo likapunguzwa ukubwa ili likae kwenye mto mdogo. Waimbaji wa pande mbili wangekaa pamoja wiki mbili, watunge wimbo mmoja wa Kiswahili kuhusu vyanzo vya maji, waurekodi studio mjini, kisha wauimbe kwenye tamasha la tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Mfadhili alitaka vitu viwili vinavyohesabika: wimbo wa pamoja na idadi ya watu waliofikiwa.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi. Tatizo ni kwamba wanamuziki wa Aswan walikuwa wataalamu waliotoka mbali, na hakuna kati yao aliyewahi kukuta ng'ombe wa mwenzake kwenye mahindi yake. Huku waimbaji ndio wagomvi wenyewe. Mama wa sauti ya pili kwenye kwaya ana kesi ya mahindi kwenye baraza la kata, na anayeshtakiwa ni mjomba wa mmoja wa vijana waliokuja kuimba naye.

Wiki ya kwanza

Mazoezi yalifanyika kwenye jengo la shule. Mashambani walileta kwaya yao ya kanisani, waimbaji wa sauti nne wenye sare na mwalimu wa kwaya mwenye kinanda. Malishoni walileta morani wachache, kiongozi wao wa nyimbo anayeitwa olaranyani, na kundi la akina mama.

Siku ya kwanza haikuharibiwa na siasa. Iliharibiwa na kinanda. Mwalimu alipiga do, akaigawa sauti kama kawaida: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Olaranyani akaanza pale sauti yake ilipokuwa, katikati ya funguo mbili za kinanda, na wenzake wakaingia chini yake kwa ule mngurumo wa kifua unaobeba nyimbo za Kimasai. Mwalimu akawa anamfuata kwa kidole kimoja, akipanda na kushuka nusu sauti, akitafuta mahali ambapo kinanda hakina. Alipokata tamaa akamwomba kijana ashuke kidogo. Kijana akashuka kwa adabu, na wimbo ukafa. Kisha ngoma ya kwaya ikaingia. Muziki wa Wamasai hauna ngoma. Mapigo yake yako kwenye pumzi, kwenye kuruka, kwenye shanga za akina mama zinazogongana mabegani. Ngoma ilipoanza, vyote hivyo havikusikika tena.

Hilo lingeweza kurekebishwa, kwa kuwa wanamuziki hurekebishana. Maneno ndiyo yaliyoshindikana. Mashairi yaliandikwa ofisini na kuletwa yakiwa yamechapwa. Ubeti wa kwanza ulisifu mto. Wa pili uliwaasa wananchi wapande miti. Wa tatu uliwataka wafugaji wapunguze mifugo ili kulinda vyanzo vya maji. Hakuna ubeti uliotaja vinyungu wala mkaa. Mwandishi wake alinieleza kwamba alichukua ujumbe kwenye vipeperushi vya semina, naye hakuwa na nia mbaya, na hapo ndipo penye funzo: mtu anaweza kuchukua upande kwa kunakili tu.

Akina mama wengi wa Malishoni hawakuwa na Kiswahili cha kutosha kuyaelewa maneno yale. Walijifunza kuyatamka. Siku ya nne mmoja alimwomba mwanawe amweleze anachoimba. Kesho yake hawakuja, na laigwanani wao, kiongozi wa kimila, akatuma ujumbe mfupi kupitia mtendaji wa kijiji: wamechoka kuimba hati ya kufukuzwa kwao wenyewe.

Uamuzi wa kuachana na wimbo

Mratibu alikuwa na njia tatu mbele yake. Angeweza kuondoa ubeti wa tatu, kumwomba laigwanani radhi na kuendelea. Angeweza kuendelea na kwaya peke yake, maana fedha ya studio ilishalipwa. Au angeweza kusimamisha yote. Ofisini wengi walitaka njia ya kwanza.

Alikwenda Malishoni kabla ya kuamua. Alikaa kwa kibibi mmoja ambaye kila mtu anamwita koko, bibi, na akaulizwa swali ambalo baadaye alilinukuu kwenye kila kikao: "Kwa nini mnataka tuimbe tunachokubaliana, wakati hatujakubaliana?"

Akaamua kila upande uimbe chake, kwa lugha yake, kuhusu mto ule ule, na upande wa pili ujibu kwa wimbo. Wazo si geni kwetu. Wasukuma wana Wagika na Wagalu wanaoshindana kwa ngoma na maneno makali. Pwani kuna historia ndefu ya washairi kujibizana na vyama vya ngoma ya beni kutambiana. Katika mila hizo zote, kinachosemwa kwa wimbo kina ruhusa ambayo maneno matupu hayana. Mratibu alikuwa anatafuta kitu cha kuziba pengo la utani usiokuwepo, ingawa yeye hakulitaja hivyo.

Wazee wa pande mbili wakakutana kuweka masharti, na kikao hicho kilichukua siku nzima. Hakuna kutaja jina la mtu aliye hai. Hakuna laana. Hakuna nyimbo za kujisifu kwa kuchukua ng'ombe. Neno lililoimbwa halipelekwi polisi wala baraza la kata kama ushahidi. Sharti la mwisho liliombwa na wakulima, na nadhani bila hilo hakuna ambaye angefungua kinywa.

Mkalimani naye akabadilishwa. Wa kwanza alikuwa msomi kutoka Arusha, Mmasai mwenye Kimasai kizuri, lakini hakuyajua majina ya vijito na vilima vya pale, na utani wa wazee ulimpita. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa bodaboda aliyekulia sokoni katikati ya lugha zote. Alilipwa nusu ya malipo ya mtangulizi wake, kwa sababu bajeti ilisema "mkalimani msaidizi". Nililiandika hilo kwenye ripoti yangu kama kasoro, na bado naona aibu lilivyopita bila mtu kushtuka.

Jioni ya majibizano

Walikutana chini ya mkuyu karibu na kivuko, mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimepungua. Hapakuwa na jukwaa wala spika. Wakulima walikaa upande mmoja, wafugaji mwingine, watoto kila mahali.

Kwaya haikuimba. Mwalimu wa kwaya alikataa mapema kubeba ugomvi kwa sauti za kanisani. Alisema nyimbo za Bwana si za kugombania mahindi, akakaa pembeni na waimbaji wake wakiwa wamevaa nguo za kawaida. Upande wa Mashambani ukasemewa na mzee wa Kigogo mwenye zeze, ambaye hakuwa kwenye orodha ya washiriki kabisa. Alijileta. Aliimba polepole, akisimama kila baada ya mistari miwili ili kijana wa bodaboda atafsiri, naye kijana akawa anatafsiri hadi mikono ya mzee. Kwa Kiswahili ilikuwa takriban hivi:

*Nimeamka na jembe, nimekuta kwato.*
*Mahindi yangu yamelala, sikuyaambia yalale.*
*Wewe mwenye fimbo ndefu,*
*fimbo inafika mbali, macho yako yalifika wapi?*

Upande wa wafugaji walicheka kwenye mstari wa fimbo. Hawakucheka kwa dharau, mstari ulikuwa umewapata.

Wakajibu akina mama. Kiongozi wao aliingia peke yake, sauti ya juu, wengine wakamwitikia huku mabega yakipanda na kushuka na shanga zikipiga:

*Njia ya mama yangu ya kwenda majini ilikuwa na mikuyu mitatu.*
*Wa kwanza umekuwa mkaa.*
*Wa pili umekuwa bustani ya mchicha.*
*Wa tatu tumeukalia, na jirani yake ana shoka.*
*Ndama ananiuliza maji yako wapi. Nimjibu nini?*

Kijana alipomaliza kutafsiri, palikuwa na ukimya, na watu kadhaa wakainua macho kuuangalia mti. Kisha bibi mmoja wa Mashambani akasimama. Hakuimba. Alisema mkuyu ule wa kwanza anaufahamu. Mama yake alimpeleka pale kwenye tambiko la mvua alipokuwa mtoto. Na aliyeukata anamjua, ila amekatazwa kutaja jina. Akageuka akawatazama vijana wa upande wake, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Pande zote mbili zikaangua kicheko, na kijana mmoja akaondoka kwenda kuangalia pikipiki yake ambayo haikuwa na tatizo.

Hapo mazungumzo yakahama. Kwa miaka yote ubishi ulikuwa kwato na jembe. Sasa ukaingia mkaa, ambao pande zote mbili zilikuwa zikiufahamu na hakuna uliokuwa na faida ya kuutaja. Vijana wa Mashambani wanachoma, baadhi ya familia za Malishoni zinapewa kidogo ili zinyamaze tanuri zikiwashwa kwenye malisho yao, na lori la mnunuzi linakuja usiku. Mambo hayo hayakusemwa yote jioni ile. Yalisemwa siku zilizofuata, na watu waliokuwa wameshacheka pamoja.

Kutembea mtoni, na makubaliano

Laigwanani na mwenyekiti wa kijiji waliomba kitu ambacho hakikuwemo kwenye ratiba: kutembea. Asubuhi moja kundi dogo lilifuata mapito ya zamani ya mifugo kutoka malishoni hadi majini, likiongozwa na mistari ya ule wimbo. Kila palipokuwa na kisiki walisimama. Mahali pawili mapito yalikuwa yamezibwa kabisa na vinyungu, ndipo mifugo ilipokuwa ikikata kona na kuingia kwenye mahindi. Hakuna ramani ya mradi iliyokuwa imeonyesha hilo.

Makubaliano yaliyotoka yalikuwa ya kawaida sana. Mapito yafunguliwe na kupandwa minyaa pembeni. Mifugo inywe mchana, baada ya wakulima kumaliza kumwagilia asubuhi. Mkuyu uliobaki na miche itakayoota karibu yake visiguswe na yeyote. Ng'ombe akiingia shambani, mkulima amwite kwanza mzee wa zamu wa Malishoni kabla ya mgambo. Mtendaji aliyaandika yote, na serikali ya kijiji ikaanza mchakato wa kuyafanya sheria ndogo, ambao kama kawaida unakwenda kwa mwendo wake.

Mratibu aliomba fedha ya jukwaa na spika za tamasha ihamishiwe kujenga mbauti, birika la maji, ili mifugo inyweshwe nje ya mto. Mfadhili alikataa: fungu lilikuwa la sanaa. Tamasha likafanyika tarehe 5 Juni kama lilivyopangwa, na wimbo wa pamoja nao ukarekodiwa, wanakwaya na morani wawili juu ya biti ya prodyuza wa mjini, bila ule ubeti wa tatu. Kijijini sijawahi kuusikia ukipigwa. Niliusikia mara mbili, zote kwenye ukumbi wa mikutano.

Klipu

Wiki chache baadaye, kipande cha video ya jioni ile kilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya kata jirani. Kilikuwa cha akina mama wakiimba, bila tafsiri, na mtu alikuwa ameandika juu yake kwamba Wamasai wanawatukana wakulima. Masharti ya wazee yalikataza mengi, lakini simu hayakuitaja.

Bibi wa Mashambani na koko wa Malishoni walikaa pamoja nyumbani kwa mtendaji, wakarekodi ujumbe wa sauti, kila mmoja kwa lugha yake na kijana wa bodaboda akitafsiri katikati, wakieleza wimbo ulisema nini. Ulitumwa kwenye makundi yale yale. Moto ulipungua ndani ya siku mbili, ila familia moja ya wafugaji iliyokuwa njiani kwenda mnadani ilizuiwa barabarani na vijana kabla ujumbe haujafika. Hakuna aliyeumia.

Kiangazi

Agosti kundi la mifugo kutoka wilaya nyingine lilipita usiku na kula shamba lote la mkulima mmoja. Wachungaji wake hawakuwa sehemu ya makubaliano yoyote. Mkulima alimpigia simu mzee wa zamu kabla ya mtu mwingine yeyote, na wazee wa Malishoni wakafuatilia kundi hadi likapatikana na fidia ikalipwa, pungufu ya alichodai. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watu wote niliowauliza walikubaliana, wangeanza na panga.

Kwa upande wa mto, picha ina rangi mbili. Kingo zilizokuwa zikikanyagwa hovyo zimepata nafuu, na nyasi zimerudi. Mwisho wa mapito, ambako sasa mifugo yote inashukia, ukingo umeporomoka zaidi kuliko zamani. Mbauti ingelimaliza hilo. Vinyungu ndani ya mita 60 viko vilevile, isipokuwa vile vilivyokuwa juu ya mapito.

Uchambuzi

Nianze na ninachokitilia shaka. Mvua za msimu ule zilikuwa nzuri, na ugomvi wa maji hupoa wenyewe mvua ikiwa nzuri. Siwezi kumwambia mtu kwamba muziki pekee ulileta utulivu wa Agosti. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba ile simu kwa mzee wa zamu ilitokana na makubaliano, makubaliano yalitokana na kutembea, na kutembea kulitokana na mistari kuhusu mikuyu mitatu. Mnyororo huo niliuona kiungo kwa kiungo.

Wimbo wa pamoja ulishindikana kwa sababu ulidai matunda kabla ya kupanda. Wanaopanga miradi hupenda sauti zikiungana, kwa kuwa zinapendeza kwenye video ya dakika tatu. Majibizano hayapendezi hivyo, lakini yana sifa ambayo wimbo wa pamoja hauna: anayejibu lazima asikilize kwanza. Akina mama wa Malishoni waliujibu mstari wa fimbo kwa sababu waliusikia hadi mwisho. Wiki nzima ya mazoezi ya kinanda haikuwalazimisha kumsikia mtu.

Elimu ya mazingira nayo ilifika kwa njia hiyo hiyo. Maneno "tutunze vyanzo vya maji" hayakumgusa mtu, kwa kuwa yalishasikika redioni hadi yakachakaa, na kwa wafugaji yalibeba kumbukumbu ya Usangu. Mkuyu mmoja wenye mahali, wenye mama aliyepita chini yake na kijana aliyeukata, uliwagusa wote. Ujumbe wa jumla hauna mshtakiwa, na usipokuwa na mshtakiwa kila mtu huudhani wa jirani.

Kukataa kwa mwalimu wa kwaya kulionekana ofisini kama ukaidi. Naona alikuwa sahihi. Kila muziki una kazi zake, na wa kanisani kwake hauna kazi ya kusutana. Kwa kukaa pembeni alimwachia nafasi mzee wa zeze, ambaye muziki wake umekuwa ukifanya kazi hiyo tangu zamani. Waandaaji walichagua kwaya kwa kuwa imepangika na ina sare. Wangeuliza kijijini ni nani huimba watu wakikosana, wangetajiwa jina la mzee siku ya kwanza.

Waliokosekana ni wengi. Vijana wanaochunga kila siku walikuwa malishoni na mifugo wakati wazee na akina mama wakiimba. Wao ndio wanaoamua, saa tisa mchana, ng'ombe wapite wapi. Wachoma mkaa walitajwa bila kuitwa, na mnunuzi hakuguswa kabisa. Wafugaji wa kupita hawana njia ya kuyajua makubaliano ya kijiji wasichokijua. Na gharama ya amani haikugawanywa sawa. Vinyungu vilivyoondolewa kwenye mapito vilikuwa vya akina mama wachache, mmoja wao mjane, ambao hawakuwa kwenye kikao cha wazee na hawajalipwa chochote. Mmoja aliniambia jioni ile ilikuwa nzuri, aliimba na kucheka, kisha akalala bila kujua kwamba wimbo ulikuwa unazungumzia mchicha wake.

Kuhusu simu, sharti lilipaswa kuwemo tangu mwanzo: ama hakuna kurekodi, ama rekodi inatoka ikiwa na tafsiri ndani yake. Ruhusa ya kusema makali kwa wimbo inawashika waliokuwepo walipoyakubali masharti. Aliyeko kata ya pili na simu yake haimhusu.

Mfadhili ameomba awamu ya pili iwe na wimbo mpya kuhusu mkaa. Katika ripoti yangu nimependekeza fedha ya kwanza iende kwa akina mama waliopoteza vinyungu, ya pili ijenge mbauti mwisho wa mapito, na kijana wa bodaboda alipwe malipo kamili ya mkalimani pamoja na yale ya nyuma. Mkaa waachiwe wenyewe waamue kama wanataka kuuimbia, na nani aanze.